Bahari Isiyopwa

Kutoka mlangoni kwangu Kisauni hadi ufukweni ni robo saa kwa tuktuk. Kwa hiyo nilipotangaza nyumbani kwamba nataka kuweka tangi la maji ya bahari, lenye matumbawe na samaki wake, hakuna aliyenielewa. Mama aliuliza kama samaki hao wataliwa. Mke wangu aliuliza bei. Ami yangu, ambaye amevua nje ya mwamba tangu kabla sijazaliwa, hakuuliza kitu. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akasema, "Yakhe, huyu aichota bahari kuipeleka chumbani, na bahari yenyewe iko hapo imelala."

Kicheko chake hakikuniuma, maana nilikuwa na hesabu zangu. Wanaofuga matumbawe Nairobi, London au Berlin hununua chumvi maalumu kwa ndoo, wakaikoroga kwenye maji yaliyochujwa hadi ifanane na bahari. Kule kwenye baridi hununua na hita ya kupasha maji. Mimi bahari ninayo, na joto ninalo la kugawa. Nilijiona nimezaliwa na nusu ya vifaa mkononi. Vilivyobaki, nilidhani, ni kioo na taa. Hesabu hiyo ilikuwa na kosa moja, na nilichukua karibu mwaka kuliona: nilihesabu maji ya bahari, sikuhesabu kazi ambayo bahari huifanya usiku na mchana bila kumtoza mtu.

Tangi lilitengenezwa na fundi wa vioo anayeishi kwa madirisha na meza za kahawa. Nilimpa vipimo: sentimita 120 kwa 45 kwa 45, kioo cha milimita 10, na silikoni isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu, kwa sababu dawa hiyo ni sumu kwa viumbe wa majini. Aliponiuliza ninaweka nini ndani nikamwambia, alisema tu, "Basi usiweke juu ya chuma." Nilikuwa nimeshamlipa fundi wa kuchomelea. Leo miguu ya stendi ile imetoka magamba ya kutu kama mnazi mkongwe, nami kila nikipita naiangalia kwa jicho la pembeni. Ukipiga hesabu, lita 243 za maji ya bahari zina uzito wa kilo 250 hivi. Ongeza kioo, ongeza mawe, umepita 300. Mimi naishi chini. Wewe wa ghorofa ya nne, zungumza kwanza na mwenye nyumba, na usimwambie ni "kitangi".

Mwamba wa ndani ndio uti wa mgongo wa tangi. Wafugaji wengi hupenda mawe yaliyotolewa baharini yakiwa na viumbe wake. Hilo nililikataa mapema. Ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka 1986, hairuhusiwi kuokota chochote, na hata nje ya mipaka yake sikutaka kuwa mtu wa kung'oa mwamba ili nipambe sebule. Jibu nililipata mtaa wa nyuma, palipokuwa panajengwa nyumba. Mombasa tunajenga kwa mawe ya matumbawe. Yanachimbwa nchi kavu na kukatwa kama matofali, lakini asili yake ni mwamba wa bahari uliokuwa hai zaidi ya miaka laki moja iliyopita, wakati maji yalipokuwa juu kuliko leo. Sehemu kubwa ya kisiwa imekaa juu yake. Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, imesimama juu ya jiwe hilo na kuta zake ni jiwe hilo hilo. Mimi niliokota mabaki, vipande ambavyo mwashi alikuwa akivitupa, nikamnunulia soda mbili.

Nilivipasua uani kwa tindo na nyundo. Cha tatu kilipogawanyika, ndani kulikuwa na mchoro: mistari inayopinda na kurudi, inapinda na kurudi, kama njia za mchwa kwenye boriti. Binti yangu wa miaka saba aliweka kidole kwenye mstari mmoja akaufuata taratibu mpaka ukaishia ukingoni, akarudi mwanzo akaanza mwingine. Lilikuwa tumbawe, lile la umbo la ubongo, limegeuka jiwe na bado kila kijitundu kinahesabika. Kipande hicho ndicho kilichokaa katikati ya tangi, mchoro umeelekea kwenye kochi.

Jiwe la mjengo lina vumbi, na pengine saruji au rangi. Yenye saruji niliyatupa, mengine nikayaloweka kwenye mapipa wiki tatu, nikibadilisha maji kila baada ya siku mbili mpaka yakaacha kuchafuka.

Maji nilimwomba ami. Hapo alinipa somo bila kujua kwamba ni somo. "Usichote kule Tudor," alisema, "wala usichote yakipwa. Yakipwa wachota uchafu wa mji unaotoka. Ngoja bamvua, maji yajae yafike juu, hayo ndiyo maji ya nje." Akaniambia pia nisithubutu wakati wa masika, mvua ikishakoroga mito na mitaro. Julai, asubuhi moja ambayo kusi ilipumzika kidogo, alinishushia mitungi kumi na miwili ya lita ishirini aliyoijaza nje ya mwamba. Niliyachuja kwa kitambaa, nikayaweka kwenye mapipa yaliyofunikwa, gizani, pampu ikizungusha kwa wiki nzima. Kipimo cha chumvi kilisoma gramu 35 kwa lita. Nilimtumia ami picha ya kipimo. Alijibu kwa alama ya kuuliza.

Sasa, tangi lenye mawe safi na maji safi haliwezi kufuga samaki, na hapa ndipo wengi wanaoanza huua. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake, na amonia hiyo hiyo humchoma matamvua. Baharini inapotea kwenye maji mengi na kuliwa na bakteria. Kwenye tangi jipya bakteria hao hawapo, au wapo wa kuhesabika. Lazima uwalishe kabla hujaleta samaki, na chakula chao ni amonia itokayo kwenye uozo. Nilikwenda sokoni nikanunua kamba mmoja, mkubwa, nikamfunga kwenye kipande cha soksi nikamning'iniza kwenye maji.

"Kamba wa bei hiyo," mke wangu alisema, "wamtia majini aoze?"

Siku ya nne nyumba ilinuka kama bandari ya samaki saa nane mchana. Kila jioni nilikuwa nachota maji kwenye kichupa na kutia matone ya kupimia. Amonia ilipanda, maji ya kichupa yakageuka kijani cha mchicha. Wiki ya tatu ikaanza kushuka, na nitriti ikapanda badala yake, zambarau kali kama juisi ya zabibu. Ni kundi la kwanza la bakteria linalogeuza amonia kuwa nitriti, na nitriti bado ni sumu. Kundi la pili, ambalo huzaliana polepole, huigeuza kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi. Siku ya thelathini na tatu vipimo vyote viwili vilisoma sifuri. Mgeni mmoja alikuja katikati ya kipindi hicho, akakaa mbele ya mawe na maji matupu, akauliza samaki wako wapi. Nikamwambia kwa sasa nafuga bakteria. Alimtazama mke wangu kwa huruma.

Baadaye mawe yote yakavaa utando wa kahawia, mwani mdogo unaokula silika. Nilihangaika bure na mswaki. Uliondoka wenyewe baada ya wiki tatu, kama kila mtu aliyewahi kufuga alivyoniambia.

Kosa langu kubwa la kwanza sikuligundua mwenyewe. Kaskazini ya hapa, Kanamai, yuko mzamiaji anayekamata samaki wa mapambo. Kazi hiyo ipo pwani yetu kwa miaka mingi: watu wenye leseni huzamia na wavu mdogo wa mkononi, wakamswaga samaki mmoja mmoja, na wengi wa samaki hao hupakiwa kwenye mifuko ya oksijeni wakapanda ndege kwenda nje. Hakuna utupa, hakuna sumu nyingine. Akitoka chini sana humpandisha samaki taratibu, kibofu chake cha hewa kisije kikafura. Nilimfuata nikiwa na pesa mfukoni. Akaniuliza kama nimekuja na maji. Maji gani? Maji ya tangi. Nikarudi siku ya pili na chupa ya nusu lita. Alidondosha tone moja kwenye kipimo chake, akakiinua kwenye mwanga, akanirudishia chupa.

"Arobaini," alisema. "Sikuuzii kitu. Watia nini humo?"

Maji yakipungua, nilikuwa nimemwambia, najaza. Kwa maji gani? Ya bahari, ami hunipa. Alitikisa kichwa kama mwalimu aliyechoka. Tangi langu, kwa joto la Mombasa na feni inayopuliza juu yake, lilikuwa linapoteza lita tatu au nne kwa siku. Kinachopaa ni maji peke yake, chumvi haipai. Lita nne za maji ya bahari zina gramu 140 za chumvi, kama nusu kikombe cha chai, na mimi kila siku nilikuwa nikiongeza nusu kikombe hicho kwa mikono yangu. Yeyote aliyepita Gongoni, juu ya Malindi, ameona mashamba ya chumvi: mabwawa mapana, jua, maji yanapaa, nyeupe inabaki chini. Nilikuwa nimejenga shamba la chumvi sebuleni.

Dawa yake ni kujaza kwa maji matamu, na hapo ndipo mtoto wa pwani nilipokwama. Maji ya bahari ninayo kwa mitungi; maji matamu ndiyo mtihani. Kisima cha plotini kwetu ni cha maji ya chumvichumvi, sabuni haitoi povu. Ya bomba huja kwa zamu, na yakija yana klorini. Nikafikiria mvua, kisha nikakumbuka paa letu ni mabati, na mabati yana zinki. Konokono na matumbawe hayavumilii zinki ikizidi. Maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi cha jirani nayo yamepita kwenye mabomba ya shaba, na shaba ni mbaya zaidi. Nilinunua kijikipimo cha kalamu kinachosoma madini yaliyoyeyuka. Kisima kilisoma miligramu 2,400 kwa lita. Bomba, 480. Maji ya duka la kujaza mitungi, yale yanayochujwa kwa mashine, 22. Tangu siku hiyo mwenye duka hilo hunijua kwa jina, na haamini nikimwambia kwamba maji yake, ambayo watu hununua wayanywe, mimi nayamwaga kwenye bahari.

Ilinichukua siku kumi kushusha chumvi, kidogo kidogo, hadi 35.

Halafu nikafanya ujinga. Mzamiaji wa Kanamai alikuwa ameniambia nianze na samaki wadogo wawili. Mimi nilikuwa nimemwona samaki aitwaye kangaja wa buluu kwa muuzaji mwingine: mwili wa rangi ya anga la asubuhi, uso mweusi, pezi la mgongoni la manjano. Samaki huyu kwenye mwamba wetu huogelea siku nzima akila mwani, mita mamia. Nilimtia kwenye kioo cha sentimita 120. Siku mbili za kwanza alikwenda na kurudi, kwenda na kurudi, akigeukia pale pale, mpaka nikaacha kukaa kwenye kochi. Siku ya tano niliona nukta nyeupe kwenye pezi, kama mtu amemnyunyizia chembe za chumvi. Siku ya saba zilikuwa mwili mzima, naye alikuwa akijikuna kwenye jiwe la ubongo. Siku ya tisa alikuwa amelala ubavu nyuma ya pampu, rangi imetoka, amekuwa kama majivu.

Kile ni kidudu kinachokaa kwenye ngozi ya samaki siku chache, kikaanguka, kikagawanyika chini, na watoto wake wakapanda kutafuta samaki mwingine. Baharini hukosa wa kumpanda. Kwenye tangi huwa ni yule yule. Kukimaliza bila dawa ya shaba, ambayo ingeharibu mawe yangu, unaliacha tangi bila samaki kwa zaidi ya miezi miwili kife kwa njaa. Nilimzika kangaja chini ya mpapai. Binti yangu hakunisemesha mpaka usiku.

Miezi hiyo mitupu ndiyo iliyoleta matumbawe, kwa kuwa kidudu hicho hakiyagusi. Matumbawe magumu yote yako kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, ule mkataba wa biashara ya viumbe, kwa hiyo kuyavusha mpaka kunataka kibali. Sikutaka ya baharini, wala ya kupitishwa kwa mlango wa nyuma. Mfugaji mmoja wa Nairobi hukata vipande kutoka kwenye matumbawe aliyoyakuza mwenyewe kwenye matangi yake. Tumbawe lina tabia hiyo ya muhogo, unavunja kijiti unapanda. Vilishuka na treni ya SGR mwezi wa Novemba, ndani ya kasha la kuhifadhia baridi, kila kimoja kwenye mfuko wake. Nilivipokea Miritini saa za jioni nikavishika kwenye mapaja njia nzima kama keki ya harusi. Vitatu vilikuwa laini, kimojawapo cha kahawia kama uyoga. Cha nne kilikuwa tumbawe gumu la jamii ya Montipora, la rangi ya machungwa, dogo kuliko kisahani cha kikombe.

Nilichokuwa sikijui, licha ya kuishi kando ya vitu hivi maisha yangu yote, ni kwamba tumbawe ni mnyama anayefuga shamba. Ndani ya nyama yake mnaishi mwani mdogo usioonekana kwa macho. Mwani unapata mwanga na makazi, tumbawe linapata sehemu kubwa ya chakula chake, na rangi ile ya kahawia ni ya mwani. Ndiyo maana taa ni muhimu kuliko chakula. Taa yangu ni ya LED, ya buluu iliyokolea, na jioni inafanya sebule ifanane na kilabu cha usiku. Majirani wameshasema yao.

Tumbawe gumu linajenga mifupa ya chokaa, na kadiri linavyojenga ndivyo linavyoyapunguzia maji kalisiamu. Wafugaji hurudisha kwa kudondosha polepole usiku maji ya chokaa. Ndiyo, chokaa ile ile, ila iliyo safi ya kutumika kwenye vyakula, siyo ya kupaka ukuta. Nilipomwonyesha ami kopo, alinusa. Baba yake alikuwa akichoma chokaa: matumbawe yanapangwa juu ya magogo, moto unawaka hadi usiku, asubuhi jiwe limekuwa unga wa kujengea. "Babu yako," alisema, "alichoma matumbawe apate chokaa. Wewe wanunua chokaa upate matumbawe." Safari hii hakucheka sana.

Mwisho wa Desemba nilirudi Kanamai na chupa ya maji. Thelathini na tano. Niliuziwa samaki wawili, wadogo, kahawia ya kukolea na mistari miwili myeupe. Binti yangu alitaka wale wa machungwa wa kwenye katuni, nikalazimika kumweleza kwamba wale hawapatikani pwani ya Afrika Mashariki. Wa kwetu ni hawa. Nilimweleza pia kwamba wote huzaliwa madume, na mkubwa kati ya wawili hugeuka kuwa jike. Aliwatazama kwa muda akauliza kama wanajadiliana kwanza. Anemoni, yule mnyama laini wa baharini ambaye samaki hawa hukaa kati ya mikono yake, sikuwanunulia, tangi lilikuwa changa mno, basi wakaamua kwamba tumbawe langu la uyoga ndilo nyumba yao, wakawa wanajisugua humo hadi mwenyewe akajikunja.

Januari na Februari ndiyo miezi niliyokuwa nikijisifu. Kuna kifaa nyuma ya tangi kinachosukuma mapovu madogo kwenye bomba, uchafu unang'ang'ania kwenye povu na kumwagika kwenye kikombe. Povu la kahawia linaloachwa ufukweni wakati wa kusi hufanywa na kazi hiyo hiyo. Kuna pampu mbili za kupiga maji huku na huku. Kuna feni mbili, maana bila hizo maji hufika nyuzi 30, na kwa upepo wake hukaa 27. Kila kimoja kinafanya kitu ambacho baharini kinafanyika bure. Kila kimoja kinatumia stima.

Machi, joto la kaskazi likiwa kileleni, transfoma ya mtaa iliungua. Stima ilipotea Jumanne asubuhi ikarudi Alhamisi usiku. Nilikuwa na kipampu cha hewa cha betri, na hicho ndicho kilichowaokoa samaki. Kuhusu joto nilikuwa na chupa za maji tu. Mwenye duka la kona, mwenye jenereta, alinigandishia kwenye friza yake, nami nikawa nazitumbukiza tangini nne nne, saa baada ya saa, binti yangu akisoma kipimo kwa sauti kama mtangazaji wa mpira. Thelathini nukta mbili. Thelathini na moja. Jumatano saa tisa alasiri, 31.8. Usiku ule nililala sakafuni, taulo mbichi juu ya kioo, nikisikiliza kile kipampu kikikoroma.

Stima iliporudi nilidhani tumenusurika. Jumamosi tumbawe la machungwa lilikuwa limepauka. Jumatatu lilikuwa jeupe, jeupe safi, unaona mifupa kupitia nyama kama unavyoona mkono ulioshika tochi. Lilikuwa halijafa. Joto likizidi, tumbawe huutoa mwani wake nje, na bila mwani huo hubaki na njaa. Linaweza kungoja wiki kadhaa mwani urudi. Au usirudi.

Ami alikuja siku hiyo kuleta maji. Aliweka mitungi chini, akainama mbele ya kioo, mikono magotini, akakaa hivyo kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akitazama kitu chochote ndani ya nyumba.

"Hii naijua," alisema. "Mwaka ule wa El Niño. Tulitoka asubuhi, maji kama kioo, hakuna upepo. Nikatazama chini. Mwamba mzima hivi. Nikamwambia mwenzangu, ni nani aliyemwaga chokaa huku?"

Ulikuwa mwaka 1998. Sehemu nyingi za pwani ya Kenya zilipoteza nusu ya matumbawe yao hai au zaidi katika miezi hiyo michache. Nilikuwa nimesoma habari hizo, na nilikuwa mtoto mtaani wakati zikitokea, na hakuna mtu mzima aliyewahi kunitajia. Nilimuuliza ami kwa nini hakusema. "Nimwambie nani? Samaki walipungua, tukaenda mbali zaidi." Kisha akaniuliza nini kinaliponya. Nikamwambia: maji yapoe, na kungoja. Akaitikia kwa kichwa, kama ambaye hilo la kungoja alishalijua.

Theluthi mbili ya kisahani kile haikurudi. Imeota manyoya ya kijani na konokono wanaila. Theluthi iliyobaki, upande wa chini uliokuwa kivulini, ilianza kahawia wiki ya tano, kisha machungwa kidogo pembeni. Nimenunua betri ya gari na inveta. Mke wangu ameacha kuuliza bei, jambo ambalo linanitisha zaidi.

Jumapili iliyopita ami alipita nikiwa nabadilisha maji. Kila wiki mbili natoa lita hamsini na kitu kwa mpira, ndiyo njia ya kuitoa ile nitrati, kisha natia mapya. Alikaa kwenye kochi na chai yake. Kabla sijaweka mpira aliniuliza swali ambalo, nadhani, alikuwa nalo tangu Julai.

"Hii bahari yako yapwa saa ngapi?"

Haipwi, ami.

"Haipwi kabisa?"

Nilianza kumweleza kuhusu pampu, nikaacha, kwa sababu hakuwa ananisikiliza. Maji yalikuwa yanashuka kwenye kioo. Sentimita tano, saba, kumi. Ncha ya jiwe la mjengo ikatokeza, ikimeremeta, na tumbawe la uyoga likainama pembeni yake, limelowa na kulegea, kama yote hulegea kule nje bamvua ikipwa. Kaa wawili wadogo, wale wanaokaa kwenye makombe ya konokono, ambao sijawahi kuwaona mchana, walipanda hadi ukingo wa maji wakaanza kukwangua jiwe.

Ami aliweka kikombe chini akasogea.

"Ehee," alisema. Nilishika mtungi kurudisha maji. Akaninyooshea mkono bila kugeuka. "Wacha kwanza. Waache wale."